Tusomeeni Kazi, Nafasi Tutaiona Wenyewe

Hotuba ya mgeni rasmi katika Siku ya Taaluma, chuo cha ualimu cha masista, Moshi

Tumsifu Yesu Kristo!

Padre mlezi wa chuo, Sista Mkuu wa Chuo, wakufunzi, matroni, wazazi na walezi, na ninyi binti zangu mliokaa hapo mbele mkiwa mmepiga pasi mpaka mashati yanasimama yenyewe. Ndugu zetu Walutheri na Waislamu mliowaleta mabinti zenu kwa masista, nawasalimu kwa heshima zote. Itifaki imezingatiwa, kama wanavyosema, ingawa mpaka leo sijaelewa inazingatiwaje kwa kutangazwa tu kwamba imezingatiwa.

Sista aliponiomba niwe mgeni rasmi alinitumia orodha ya tuzo za mwaka huu. Nikaisoma yote. Mwanafunzi bora kitaaluma, nafasi ya kwanza. Nafasi ya pili. Nafasi ya tatu. Bora somo la Kiswahili, bora Hisabati, bora Sayansi. Bora nidhamu. Bora usafi wa bweni. Kila mstari una jina, na mbele ya jina kuna zawadi: chupa ya chai, hotpoti, kitenge, kamusi, bahasha. Nilipofika mwisho nilikuwa najua vizuri nani anaondoka na chupa ya chai. Kwamba amefanya nini hadi akaistahili, orodha ilikuwa kimya.

Ndilo jambo nililolibeba kuja hapa, nalo ni moja tu: tuzo ya taaluma itaje kazi. Tukimwita binti mbele ya wazazi wake tukasema "wa kwanza", tumewaambia alipo kwenye foleni. Tukisema alichokifanya, tumewaambia yeye ni nani, na yeye mwenyewe amejua ashike nini asikiache.

Nianzie mbali, Italia, mji wa Padua, tarehe 25 Juni 1678. Siku hiyo Elena Lucrezia Cornaro Piscopia, mwanamke wa miaka 32 kutoka familia kubwa ya Venezia, alisimama kutahiniwa. Alianza kufundishwa Kilatini na Kigiriki akiwa na miaka 7. Alikataa kuolewa, akaishi nyumbani kwao kwa kanuni za Wabenediktini bila kuingia utawani. Ombi la kwanza lilikuwa apewe udaktari wa teolojia. Askofu wa Padua, Gregorio Barbarigo, aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya digrii za pale, akakataa: mwanamke hawezi kuwa mwalimu wa teolojia. Huyo Barbarigo Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1960, kwa hiyo masista msinitazame hivyo, simsengenyi. Nasema tu kwamba hata watakatifu waliwahi kukosea mambo ya wanawake. Mwishowe wakaelewana: apewe udaktari, ila wa falsafa.

Sasa sikilizeni walivyompa. Watu waliotaka kumsikia walikuwa wengi kiasi kwamba mtihani ulihamishiwa kanisa kuu. Akapewa vifungu viwili vya Aristotle, akavichambua kwa Kilatini mbele ya maprofesa, mapadre, wanasiasa na watu waliokuja kushangaa tu. Watahini walitakiwa kupiga kura ya siri. Wakaiweka kando, wakampitisha kwa sauti. Akavikwa taji la majani ya laureli, akavishwa pete, akapewa kitabu na joho la manyoya. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kupata udaktari wa chuo kikuu duniani.

Sikilizeni hapo. Taji lilikuja baada ya watu kusikia kazi. Aliyetoka kanisani siku ile hakuhitaji kuambiwa Elena amekuwa wa ngapi. Alikuwa amemsikia.

Halafu ikawaje? Padua ikaufunga mlango. Mwanamke mwingine kupata udaktari Italia alikuwa Laura Bassi, Bologna, mwaka 1732, miaka 54 baadaye. Na lile neno la Barbarigo, kwamba mwanamke hafundishi teolojia, lilijibiwa na Kanisa lenyewe mwaka 1970, Papa Paulo VI alipowatangaza Teresa wa Avila na Katarina wa Siena kuwa Walimu wa Kanisa. Wakafuata Teresa wa Mtoto Yesu mwaka 1997 na Hildegarda wa Bingen mwaka 2012. Katarina hakukanyaga darasa la chuo chochote. Mkipita kanisani mkaziona sanamu za hao wanawake na maua yao, kumbukeni kwamba cheo walichopewa ni cha ualimu. Ni wenzenu kikazi.

Niende Marekani, maana nilipokuwa nauliza wenzetu wanatoaje heshima hizi kwenye vyuo vya Kikatoliki vya wanawake, nilikuta mambo ambayo yanaweza kutufaa. Vyuo hivyo vilianzishwa na masista kwa sababu iliyo wazi: vyuo vikubwa vya Kikatoliki vilikuwa vya wanaume. Pale Baltimore, chuo cha masista wa Notre Dame kilianza masomo ya digrii mwaka 1895 na kutoa wahitimu wake wa kwanza mwaka 1899. Polepole vikapata heshima zote ambazo vyuo vya wanaume vilikuwa nazo: zile daraja za Kilatini za cum laude, magna cum laude na summa cum laude, yaani kwa sifa, kwa sifa kubwa na kwa sifa kuu, orodha ya mkuu wa kitivo kila muhula, na vyama vya heshima ambavyo mtu haombi kujiunga, anaitwa.

Chama chenye jina kuliko vyote kule ni Phi Beta Kappa, kilichoanza mwaka 1776. Kilikaa karibu miaka mia bila mwanamke hata mmoja, mpaka mwaka 1875. Na chuo cha kwanza cha Kikatoliki kukubaliwa kuwa na tawi lake hakikuwa kile mnachokifikiria, chenye timu ya mpira na majengo makubwa. Kilikuwa cha masista, cha wasichana: St. Catherine, kule Minnesota, mwaka 1937. Kilifikaje? Mkuu wake, Sista Antonia McHugh, alitumia miaka mingi kuwapeleka masista wenzake kusoma, Chicago, New York, hadi Ulaya, kisha akawarudisha kufundisha. Chama kile kabla hakijakubali chuo hutazama waalimu na maktaba. Yaani kabla binti wa St. Catherine hajavaa ile beji, kuna sista aliyekwisha kukesha na vitabu kwa ajili yake.

Naomba wakufunzi mlisikie hilo, na wenye mamlaka ya bajeti mlisikie mara mbili. Tunatoa tuzo kwa wanafunzi kila mwaka. Mkufunzi wa chuo hiki amepelekwa kusoma lini?

Kuna chama kingine kidogo kinachonivutia zaidi, Kappa Gamma Pi. Kilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wahitimu wa vyuo vya Kikatoliki vya wanawake. Hakitazami alama peke yake. Kinauliza pia huyu binti ameongoza nini na amewatumikia akina nani. Na ufadhili wake wa kwenda kusoma shahada za juu unaitwa kwa jina la Cornaro. Huyo huyo Elena. Aliyefungiwa mlango wa teolojia leo analipa ada ya wengine. Hizo ndizo tuzo ninazozipenda mimi: heshima iliyogeuka ada.

Mtaniambia, mama, hayo ni ya Wazungu. Haya, twende Atchison, mji mdogo wa Kansas. Mwezi Septemba 1960 waliondoka Kenya vijana karibu 300 kwa ndege kwenda kusoma Marekani, na mmoja wao alikuwa binti wa Nyeri aliyetoka shule ya masista wa Loreto, Limuru. Akapokewa Mount St. Scholastica, chuo cha masista Wabenediktini, cha wasichana watupu, kama ninyi. Akasoma biolojia, na kando yake kemia na Kijerumani. Alimaliza mwaka 1964, akaenda Pittsburgh kwa shahada ya pili. Ninyi mnamjua kwa jina la Wangari Maathai.

Nakaa kwake kidogo, kwa sababu hadithi yake mara nyingi husimuliwa kwa kurukaruka, kutoka kijijini hadi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004, na katikati pakaachwa wazi. Katikati ndiko mtakakoishi ninyi. Aliporudi Nairobi mwaka 1966 alikuwa na barua ya kazi ya chuo kikuu, utafiti wa zuolojia. Alipofika kuripoti akaambiwa nafasi amepewa mwingine. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliona ukabila na uanamke wake ndivyo vilivyomponza. Vyeti alikuwa navyo, tena vizuri. Aliyemchukua alikuwa Reinhold Hofmann, profesa kutoka Giessen, Ujerumani, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo pale Nairobi na alihitaji mtu anayejua kutumia darubini na kuandaa vipande vya tishu. Hiyo kazi ya mikono ndiyo iliyomwokoa. Cheti kilisema amefaulu. Mtu mmoja akauliza anajua kufanya nini, na jibu lilikuwepo. Mwaka 1971 akapata udaktari, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati.

Ndiyo maana nasisitiza. Binti akienda kuomba kazi na karatasi iliyoandikwa "mwanafunzi bora wa pili", mwenye shule atamtazama na kusema hongera. Akienda na karatasi inayosema "alifundisha kusoma watoto wa darasa la kwanza waliokuwa hawajui herufi, na hivi ndivyo alivyofanya", mwenye shule atamwambia, kaa hapo nikuulize.

Tena sisi tuna tatizo letu la malezi. Tumewakuza mabinti kwa methali ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Binti akieleza kazi yake, anaringa. Kijana wa kiume akieleza yake, anajiamini. Basi kama hatutaki binti ajisemee, ni wajibu wetu sisi wakubwa tumsemee, kwa sauti, mbele za watu, na kwa maneno kamili.

Turudi nyumbani. Mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Wengi walilalamika. Magazeti yalikosa picha ya yule tuliyezoea kumwita T.O., yaani Tanzania One, wa kwanza nchi nzima, akibebwa juujuu na wajomba zake. Mimi nilifurahi kuhusu zile shule. Unaichukuaje shule inayochuja wanafunzi kwa mtihani wa kujiunga, ada ya mamilioni, maabara, basi la shule, ukaishindanisha na shule ya kata ambayo mwalimu wa Fizikia ni mmoja na anafundisha pia Hisabati? Hayo hayakuwa mashindano, yalikuwa matangazo ya biashara, tena ya bure.

Lakini kuhusu mwanafunzi mmoja mmoja, nina la kuongeza. Kuacha kupanga watu kwa nafasi hakumaanishi kuacha kuona kazi nzuri. Tumeiacha ile orodha, na mahali pake hatujaweka kitu. Hapa chuoni mnaweza kuweka.

Wale mtakaoendelea na digrii mtakutana na jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Kwenye vyuo vikuu vyetu daraja la kwanza linaanzia GPA, yaani wastani wa alama, ya 4.4 hadi 5. Ukipata 4.3 wewe ni daraja la pili la juu, pamoja na aliyepata 3.5. Mwenye 4.3 na mwenye 4.4 wametofautiana nini? Pengine homa ya wiki ya mtihani. Pengine somo moja la mwaka wa kwanza, alipokuwa bado anatafuta chumba. Sisemi tufute madaraja. Mipaka lazima iwepo mahali fulani. Nasema tusimwache binti wa 4.3 aamini kwamba ule mstari umechorwa ndani ya kichwa chake.

Na hizo homa hazigawanywi sawa. Wazazi wa hapa mlimani mnajua. Kuna aliyelelewa kwenye nyumba yenye umeme na mama mwalimu, na kuna aliyesomeshwa kwa kahawa, tena miaka ile bei ilipoanguka mpaka watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Kwetu Uchagani kihamba, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilirithiwa na wana wa kiume. Binti alijua tangu mdogo kwamba ile migomba anayoipalilia ni ya kaka yake. Elimu ndiyo kihamba cha binti, na ndiyo maana mama zenu waliuza ndizi, maziwa na hata khanga zao mfike hapa.

Nitaje pia jambo ambalo kwenye sherehe zetu huwa tunalipita kwa kukohoa. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Kabla ya hapo walikuwa wakifukuzwa, basi. Miaka inavyokwenda, baadhi ya hao waliorudi watafika kwenye vyuo kama hiki. Binti wa namna hiyo akipata alama kama za mwenzake, huku akiwa na mtoto aliyemwachia bibi yake Rombo, kazi aliyoifanya siyo ile ile. Simwombei tuzo ya huruma. Naomba akipewa tuzo ya Kiswahili, apewe kama mwingine yeyote, na asitokee mtu nyuma ya ukumbi akanong'ona.

Sista Mkuu, umenipa nafasi, na mimi mwalimu mstaafu nikipewa nafasi huwa nagawa kazi. Kila tuzo ya somo mwaka kesho iambatane na mistari mitatu au minne iliyoandikwa na mkufunzi wa somo hilo, isomwe hapa ukumbini, na ibandikwe nyuma ya cheti. Mkufunzi akishindwa kuandika mistari mitatu kuhusu mwanafunzi wake bora, basi tuzo hiyo isubiri mpaka amfahamu.

Ile tuzo ya mazoezi ya kufundisha, ambayo kwenye orodha nimeikuta chini kabisa, baada ya usafi wa bweni, ipandisheni juu. Hiki ni chuo cha ualimu! Mtu anaweza kupata alama nzuri za saikolojia ya elimu na akasimama mbele ya watoto sitini akaishiwa la kusema. Msimamizi anapokwenda kumkagua mwanachuo shuleni, asiishie kwenye andalio la somo. Andalio zuri hata mimi naweza kulinakili. Afungue madaftari ya watoto. Humo ndimo mwalimu anaonekana.

Kuhusu zawadi, nisiwaudhi wafadhili wetu waliotoa hotpoti, maana chakula cha moto ni neema. Lakini binti anayekwenda kuanza kazi, au anayetafuta nafasi ya digrii, ana mahitaji yake. Ada ya fomu ya maombi. Nauli ya kwenda kwenye usaili Dodoma na kurudi. Vitabu vya kiada vya darasa atakalofundisha. Siku za nyuma mwanafunzi bora alipewa ndoo. Ndoo ilikuwa na maana bwenini, kwa sababu maji yalikuwa ya kuchota. Tuangalie leo maji yao yako wapi.

Na ninyi ambao majina yenu hayatasomwa leo, ambao ndio wengi ukumbini. Sitawaambia kwamba wote ni washindi, mngejua nadanganya. Wengine hamkusoma, na mnajua. Wengine mmesoma sana na bado hamkupata, na hilo linauma, mkae nalo kidogo, ni halali kuuma. Kisha mwende kwa mkufunzi mmoja mnayemwamini, mmwulize swali hili: "Kazi yangu gani mwaka huu ilikuwa nzuri?" Msikubali awajibu "unajitahidi". Mng'ang'anieni mpaka ataje.

Wazazi, picha mtapiga, vigelegele mtapiga, mashada ya maua ya plastiki na zile pesa za kutunza mtawavisha. Sawa. Ila naomba mama, naomba baba, mkifika nyumbani jioni hii, kabla ya kuwaita majirani, mwambieni binti awafundishe kitu kimoja alichojifunza hapa. Akae, ninyi mkae, afundishe. Mwalimu akishindwa kumfundisha baba yake, ataanza na nani?

Nimemaliza ya kusema, lakini sijakaa. Asubuhi hii, kabla hamjaingia, niliwaomba wakufunzi tukae ofisi ya taaluma tujaribu. Hatukufanikiwa kwa tuzo zote, muda ulikuwa mdogo, na wawili walikuwa kwaya. Tumepata chache. Mkuu wa taaluma naomba karatasi ile. Asante.

Tunaanza na Hisabati. Mshindi huyu, kwenye mazoezi ya kufundisha, alipewa darasa la nne, mada ya sehemu, na vitabu havikutosha. Akaleta darasani mkungu wa ndizi. Akawaambia watoto: mkungu huu una chana nane, nikichukua chana moja nimechukua sehemu gani? Wakajibu moja ya nane. Mtoto mmoja akapinga: chana ya juu ina ndizi nyingi kuliko ya chini, kwa hiyo siyo moja ya nane, unatudanganya. Hakumnyamazisha. Akawagawa watoto, wakahesabu ndizi za kila chana, wakagundua wenyewe kwamba sehemu ni sehemu pale tu vipande vinapokuwa sawa. Msimamizi aliyekuwa nyuma ya darasa ameandika kwamba kipindi kilipita muda wake na watoto hawakutaka kutoka nje.

Bado sijataja jina lake, na naona wenzake wameshaanza kumsukuma asimame. Njoo mbele, binti. Mama yake pia aje.